Mtungi wa Kuazimana

Nilitumwa Nchelenge, bandari ya ziwani, kutathmini kama ukaguzi wa serikali unazilinda kweli mashua zinazovusha mapipa ya petroli kwenda upande wa Kongo. Asubuhi ile nilimfuata mkaguzi, Bwana Kaoma, naye akazipitisha mashua mbili za kwanza. Tulipofika kwenye ya tatu, ya Mama Delphine, niliutambua mtungi wa kuzimia moto. Ulikuwa umebonyea ubavuni, palepale kama ule wa kwanza na wa pili.

"Mama, mtungi huu nimeuona kwenye mashua mbili zilizotangulia."

"Iko ya sisi bote," alisema bila aibu. "Tunaazimana, kama sufuria kubwa ya ndoa."

Kaoma alicheka, nami nikacheka. Kisha nikamuuliza Mama Delphine, "Na moto ukiwaka katikati ya ziwa, utaazima kwa nani?"

Delphine alimtazama mumewe, Valère, aliyekwisha kuketi juu ya mapipa akingoja safari. Halafu akauchukua mtungi na kuufunga kwa kamba karibu na injini.

"Leo inaenda na sisi."

"Yaya, dada yangu, umekuwa serikali?" akadakia mwenye mashua ya jirani. "Na sisi?"

"Mungoje nirudie, ao mununue yenu."

Kaoma alizizuia zile mbili zilizobaki bila mtungi. Nikaandika pendekezo langu: ukaguzi ufanyike kila mashua inapoondoka, ikiwa imeshapakiwa. Delphine alipotupungia mkono kutoka majini, moyo wangu ulikuwa umetulia.