Sailensa ya Perlita

Sailensa ya gari la Perlita ilipoanza kuchachatika, mtaa mzima wa Guimbal, huko Ufilipino, ulijua anatoka na anarudi saa ngapi.

"Wee Perlita! Hilo gari au kiwanda cha masufuria?" jirani yake Choleng alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Lipeleke kwa fundi, shoga yangu, utatuua!"

"Ensyo kasema lisiguswe mpaka alisikie mwenyewe."

"Ensyo yuko baharini! Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Perlita alicheka tu. Angemwambia nini? Mumewe alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, na miaka nenda miaka rudi simu zake zilikuwa zile zile. Umekula? Nimekula. Pesa imefika? Imefika. Haya Mama, kaa salama. Binti yao kaolewa Manila. Perlita alipika wali wa mtu mmoja, na hata huo ulibaki. Upweke ulikuwa unamtafuna, tuseme kweli.

Lakini gari lilipoanza kelele, Ensyo naye alizinduka. Kila Jumapili baada ya misa alipiga, akataka simu iwekwe chini ya gari, na maneno yakamtoka yule bwana kama si yeye.

"Kanyaga mafuta kidogo. Linalia ukikanyaga au ukiachia?"

"Nikiachia."

"Ahaa! Basi huenda matumbo ya sailensa ni mazima, kuna kitu kimelegea nje. Zima, lipoe kwanza. Usije ukaungua kama siku ile ya bibingka!"

Wakaicheka siku ile ya bibingka, keki ya mchele ilipogeuka mkaa na nyusi za Perlita zikaenda nayo, mpaka mtandao wa meli ukakatika. Perlita alibaki amekaa kwenye saruji, mikono myeusi, anatabasamu peke yake.

Kosa lake ni kwamba hana subira. Jumamosi, gari likiwa limepoa, aliweka mawe kwenye magurudumu, akatandika boksi, akajiingiza chini. Akaigonga sailensa kwa ngumi: ndani hakuna kinachocheza. Raba zinazoishikilia, nzima. Alipogusa bati la kukinga joto, likatikisika kama jino la mtoto. Bolti yake ilikuwa imeliwa na kutu. Akalizungushia klempu, ile pete ya chuma ya kubania bomba la maji, akaikaza kwa bisibisi kwa nguvu zake zote, akawasha. Gari likanguruma kwa adabu, hata chacha moja halikutoa.

"Hongera, fundi!" Choleng akapiga makofi.

Perlita akazima gari. Moyo ulikuwa umemshuka pu! Kesho wataongea nini sasa? Umekula, nimekula, kaa salama. Akarudi chini na bisibisi kuilegeza ile klempu, lakini alikuwa ameikaza mno hata kichwa cha skrubu kikalika. Bisibisi ikawa inateleza tu.

Jumapili simu ikaita.

"Haya Mama, washa tusikie."

Akawasha. Akaweka simu chini, akachukua kopo la biskuti lililojaa skrubu, akalitikisa.

Lakini Ensyo hadanganyiki. Mtu aliyezeekea kando ya injini huyo, anakijua kila chuma kwa sauti yake.

"Mama," alisema, "hilo si bati. Hilo ni kopo langu la skrubu. Gari limepona, sivyo?"

Perlita alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yakamlengalenga.

"Limepona jana. Nimelitengeneza mwenyewe."

Perlita akazima gari, akaweka kopo chini, akangoja aambiwe akae salama.

"Tikisa tena," Ensyo alisema. "Tikisa, Mama. Sijasikia vizuri."