Moshi Unapotafuta Tundu

Jumapili ya Msamaha, saa nne kasoro robo asubuhi, Mama Genoveva alileta gari lake kwenye gereji ya Boncho likitetemeka kama mtu mwenye homa. Lilikuwa gari la kahawia la miaka thelathini na nane, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sinia la banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, lililofunikwa kwa taulo.

Katika mji ule, siku hiyo ya mwisho kabla ya Kwaresima, mdogo humwendea mkubwa, humbusu mkono na kumwomba msamaha. Mkubwa hujibu kwamba ameshasamehe, kisha wanakula. Kwa miaka saba Boncho alikuwa akifungua gereji siku hiyo, apate kusema ana kazi.

“Linaruka, mwanangu,” alisema Mama Genoveva. “Nikisimama linataka kuzimika. Nikipanda kilima linakohoa.”

“Mmezeeka pamoja,” alisema Mzee Mincho, tarishi mstaafu, aliyeshinda kila siku juu ya kreti karibu na jiko la kuni.

“Mimi sikohoi, Mincho. Anayekohoa ni wewe.”

Boncho alifungua plagi. Ya tatu ilikuwa nyeupe na kavu. Maana yake silinda ile ilipata hewa nyingi na petroli kidogo. Mahali fulani palikuwa na tundu linalovuta hewa. Alisafisha kabureta, akabadilisha mpira uliopasuka, akakaza nati zote. Injini ikaendelea kuruka.

Akatoa kopo la moshi. Lilikuwa kopo la rangi ambalo Evtim, mwana wa Mama Genoveva, alilitoboa na kulitia bomba zamani walipofanya kazi pamoja. Ndani huchomwa kitambaa chenye oili, moshi ukasukumwa kwa pampu ya baiskeli mpaka ndani ya injini, na unapotokea ndipo penye tundu. Boncho alizima injini, akasukuma. Wakangoja.

Moshi ulitokea kati ya kifungo cha pili na cha tatu cha shati la Boncho.

Mzee Mincho aliinama kutazama vizuri. “Hapo,” alisema. “Ni wewe, fundi.”

Boncho aliweka kiganja kifuani na moshi ukakatika. Akawasha gari kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa palepale, na injini ikanguruma laini kama cherehani. Alipoutoa mkono, ikakohoa. Alijaribu kuziba kwa kipande cha gasketi kuukuu, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio ya injini, na utepe. Hewa ikapita pembeni.

“Gasketi iliyotumika haishiki,” alisema Mzee Mincho. “Hata mimi najua.”

Boncho alijua zaidi. Miaka saba nyuma alirudisha gasketi iliyochanika kwenye gari la daktari, kwa sababu mpya ingefika Jumatatu naye alitaka kumaliza Jumamosi. Injini iliungua njiani, daktari akachelewa, na mgonjwa hakuweza kumngoja. Watu walipouliza nani aliifunga injini ile, Boncho alisema ni Evtim. Evtim alimtazama, akafuta mikono, akaondoka. Sasa anakata nyama kiwandani Ujerumani.

Mama Genoveva aliweka sinia juu ya meza ya spana.

“Evtim alipiga simu jana. Anauliza kama anaweza kuja Pasaka. Anaona haya kwa watu, na kwako zaidi.”

Boncho alikuwa ameshikilia kifua.

“Najua mimi ndiye mkubwa,” alisema yule mama. “Lakini leo naanza mimi, kwa niaba yake.” Aliuchukua mkono wa kulia wa Boncho kutoka pale kifuani, akaubusu pamoja na oili yake. “Msamehe mwanangu kwa kukuharibia jina.”

Moshi ukajaa gereji. Mzee Mincho alikwenda kufungua mlango nusu. Boncho alikuwa na maneno ya kukiri. Aliyasema kila alfajiri mbele ya picha ya Bikira Maria, na aliyajua kwa moyo. Alifungua kinywa. Akayameza.

“Amesamehewa, mama,” alisema.

Mama Genoveva alilia kidogo, akakata banitsa, akawapa wote wawili. Boncho alikula kipande chake chote. Kisha akashusha boneti.

“Bado lina kasoro,” alisema, “ila litakufikisha.”

Lilipanda kilima cha kanisa likiruka mpigo mmoja katika kila minne.

Evtim hakuja Pasaka. Mama yake alisema kwamba alipoambiwa kwenye simu kwamba amesamehewa, na kwamba gari lilipimwa kwa kopo lake, aliuliza moshi ulitokea wapi. Alipojibiwa ni kifuani kwa Boncho, akasema, “Sawa.”

Wiki mbili baada ya Pasaka bahasha ilifika kwa posta kutoka Ujerumani. Ndani mlikuwa na gasketi mpya, bila barua. Boncho aliigeuza kwenye mwanga. Haikuwa ya gari la Mama Genoveva. Ilikuwa ya gari la daktari.

Aliitundika kwenye msumari juu ya kopo la moshi. Siku hizi anavaa skafu hata Agosti, na Mama Genoveva anapoleta gari, Boncho hulisikia tangu kilimani, akaweka mkono kifuani kabla mama huyo hajafika.