Uzi Uliokataa Kufunguka Mapema

...sitini na tatu, tena sitini na tatu, mara ya tano sasa, na uzi huu mmoja wa DNA, usioonekana kwa macho, umenyooka kati ya shanga mbili ndogo ndani ya tone la maji, umeshikwa na mwanga tu, nauvuta na haufunguki mpaka nguvu ifike sitini na tatu, kama nyuzi za watafiti wengine wote, wakati zetu kwa mwaka mzima na nusu zilifunguka kwenye hamsini na moja, na hiyo hamsini na moja ndiyo ugunduzi wetu, ndiyo makala yenyewe, "Fundi, niitume?" Mwalimu anauliza toka chumba cha pili, nasema subiri kidogo Mwalimu... asubuhi nilipunguza mwanga kwa sababu feni ya kupoza mtambo wa mwanga ilikuwa inanipasua kichwa, si kwa akili, kwa kichwa kuuma, nyuzi zikawa ngumu, nikajua papo hapo, maana ni mimi niliyeuongeza mwanga huo, mwezi wa pili mwaka jana, shanga zikinichoropoka na Mwalimu yuko safarini, nikasema ngoja nizibane vizuri, na mwanga mkali hupasha maji, nani asiyejua, na uzi ukipata moto hulegea mapema, lakini kipimajoto nilikibandika nje ya tone, kwenye bamba la shaba, kikaniambia thelathini, nami nikaandika thelathini, kikulacho ki nguoni mwako... "mikono ya huyu Fundi wangu haikosei," Mwalimu anamwambia mtu kwenye simu, anacheka, mwakani anastaafu, hajawahi kunikaripia, afadhali angekuwa mkali ningemdanganya bila shida, naona aibu mpaka masikioni, na mkataba wangu unaisha mwezi huu, mama husema mficha uchi hazai, lakini mama hajawahi kuandika makala... nikinyamaza nani atajua, mtu mmoja huko mbali atarudia kipimo, atapata sitini na tatu, atarudia tena, atadhani mikono yake ndiyo mibovu, mgongo utamuuma, chai itampoa mezani, atachoka hivi nilivyochoka mimi, na hatakuwa na wa kumuuliza... "Fundi, nibonyeze?" uzi bado umenyooka, namba haijasogea, nilidhani nitatetemeka, kumbe nimechoka tu, na kuficha nako ni kazi, sina nguvu ya kazi nyingine, "Usibonyeze, Mwalimu. Nimekosea mimi. Njoo uone."