Bima Inayomtaka Mkosaji

Kwa miaka mingi Bibi Kwanini aliamini kwamba bima ni kitu cha kufa. Mtu analipiwa akiwa hai, anafariki, ndipo bima inapoamka usingizini na kuanza kazi. Kwa hiyo kitinda mimba wake alipomkatia bima na kumletea bahasha, alimshukuru, akaiweka kabatini chini ya mashuka, akaiambia kimoyomoyo, "Haya, lala. Tusikutane upesi."

Jina la Kwanini alipewa na majirani zake. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na hata kule jikoni hakuwa na simile: kwa nini sufuria hii inachelewa kuchemka, kwa nini watoto wa darasa la pili hula kuliko wa darasa la sita? Uzee haukumpunguzia maswali. Ulimpa tu nafasi zaidi ya kuyauliza.

Asubuhi moja maji yalikatika. Bibi alifungua koki ya jikoni, ikakohoa, ikatema tone moja, ikanyamaza. Akaguna, akavaa viatu vyake, akaenda kumjulia hali rafiki yake aliyevunjika mguu. Koki aliiacha wazi. Kitambaa cha kufutia vyombo kilikuwa kimejilaza juu ya tundu la sinki, na wala hakukiona. Maji yakarudi mwenyewe hayupo.

Chumba cha chini yake aliishi fundi cherehani, mama kijana mwenye sauti ya upole. Macho ya Bibi hayakuweza tena kutunga uzi, kwa hiyo fundi alizoea kumtungia sindano kadhaa kwa mpigo, kila moja na rangi yake, ili mama wa watu asihangaike na ngazi. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo. Aliona tu, akafanya.

Bibi aliporudi alikuta mlango wa fundi wazi, fundi na majirani wamepiga magoti wanakamua matambara kwenye ndoo. Dari ilikuwa na doa kubwa la rangi ya chai. Vitambaa vya sare za shule vilikuwa vimerundikwa vikichuruzika maji, na cherehani ya umeme imesogezwa pembeni, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

"Pole, mama," fundi alisema alipomwona. "Huko juu nako kumelowa sana? Angalia usiteleze."

Bibi alishika mwimo wa mlango. Aliyeumizwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa pole. Alipanda juu, akaikuta koki bado inamwaga juu ya kitambaa kilichoziba sinki, akaifunga.

Fundi wa umeme alikuja jioni, akaifungua cherehani, akainusa, akatikisa kichwa. Mota ilikuwa imeungua. Maji yameingia ikiwa inazunguka. Fundi cherehani alijitahidi kutabasamu, lakini Bibi alimwona akizitazama zile sare. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Zabuni ile ya kushona sare alikuwa ameitafuta kwa muda mrefu, na akishindwa kukabidhi kazi, ingekwenda kwa mwingine na isingerudi.

Bibi akampigia simu kitinda mimba wake, akamweleza kila kitu huku akivuta kamasi.

"Lakini mama, si una bima?"

"Mbona sijafa?"

Kijana akacheka mpaka akakohoa. "Nenda kwa wakala, mama. Kamuulize hayo maswali yako. Safari hii yana kazi."

Wakala alikuwa binti mmoja mchangamfu, ofisi yake imebanwa kati ya duka la dawa na duka la simu. Alimvutia Bibi kiti chenye mto, akakisogeza mbali na feni, kisha akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Bibi akaliona hilo, akaliweka moyoni.

"Bima yako ina mikono miwili, bibi," binti alisema. "Mkono mmoja unakushika wewe ukiumia kwa ajali. Wa pili unamshika mtu uliyemletea hasara bila kukusudia."

"Nikiteleza bafuni?"

"Mkono wa kwanza."

"Nikiteleza bafuni kwa jirani, nikaangukia kioo chake?"

"Kioo, mkono wa pili. Mbavu zako, mkono wa kwanza."

"Je, nikikivunja kwa hasira?"

"Hapo huna mkono, bibi. Hapo una kesi."

Bibi akacheka, akasogeza kiti mbele. Ilikuwa kama kufungua kabati la mtu na kukuta limepangwa vizuri kuliko alivyodhani. "Na zulia langu lililolowa?"

"Zulia halimo. Vitu vyako vya ndani vina bima yake nyingine."

"Makubwa! Kwa hiyo bima yangu inamjua jirani kuliko inavyolijua zulia langu."

"Ndiyo hivyo. Tena inamjua jirani pale tu unapokuwa umekosea wewe. Kama bomba la jengo limepasuka lenyewe, hilo ni la mwenye jengo. Sisi hatumo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapo wewe huna kosa, bibi. Bima hii inasimama badala ya mkosaji. Pasipo na mkosaji, itasimama badala ya nani?"

Bibi alirudi nyumbani akilitafuna neno hilo njia nzima. Maisha yake yote alikuwa akisikia kosa likikimbiwa. Leo ameambiwa kuna mlango unaofunguka kwa mwenye kosa tu.

Kosa lake jingine, dogo, ni kwamba aliwaambia majirani jambo moja tu: kesho anakuja mkaguzi wa bima kuuliza habari ya maji. Kisha akapanda kulala, maana magoti yalikuwa yakimuuma. Majirani wakabaki kwenye ngazi wakitazamana. Mkaguzi? Wa kumkagua bibi wa watu?

Mkaguzi alifika asubuhi, mwanamume mrefu mwenye mkoba begani. Alivua viatu mlangoni kwa fundi bila kuambiwa. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, na dereva wa lori wa mlango wa pili amesimama katikati ya chumba kama shahidi wa harusi.

"Pole kwa yaliyokupata," mkaguzi alimwambia fundi. "Nieleze, maji yalitoka wapi?"

Fundi akamtupia dereva jicho. "Bomba la jengo lilipasuka."

Bibi akageuka kumtazama. "Nini?"

"Bomba bovu hilo tangu enzi na enzi!" dereva akadakia. "Mimi mwenyewe nimeliona kwa macho haya, linaruka maji kama chemchemi. Bibi hata hakuwepo."

"Kweli sikuwepo," Bibi alisema, "lakini koki..."

"Si mnaona? Hakuwepo!" Dereva akamkonyeza.

Mkaguzi aliacha kuandika. Akaitazama dari, akamtazama fundi. "Kama ni bomba la jengo, mama, mimi sina kazi hapa. Itabidi umwone mwenye jengo." Akaanza kufunga mkoba wake.

Bibi akaiona ile cherehani chini ya shuka, akaona jinsi wema wa watu hawa unavyoizika. Akainuka kwenye kigoda haraka kuliko magoti yake yalivyopenda.

"Ngoja, baba! Ni mimi. Niliiacha koki wazi."

"Bibi amechoka tu," dereva akasema kwa huruma. "Umri, ndugu yangu. Anajisingizia."

"Nani anajisingizia, wewe bomba bovu? Ni mimi! Na kitambaa kilikuwa kimeziba sinki."

"Mama, tafadhali, nyamaza," fundi akanong'ona, akimvuta mkono.

Mkaguzi akaweka mkoba chini tena. Pembe za mdomo wake zilikuwa zinacheza. "Kazi hii nimeifanya siku nyingi. Kila nyumba nakuta watu wanasukumiana kosa kama chungu cha moto. Leo ndiyo mara ya kwanza kukuta wananyang'anyana." Kisha akawa makini. "Lakini siwezi kuandika maneno mawili yanayopingana. Aliyepata hasara naye lazima aseme."

Bibi akamketisha fundi kitandani, akaketi ubavuni pake.

"Mwanangu, hiki kitu kinamtaka mkosaji. Ukinificha, hakina wa kumsimamia, na mota yako inabaki imeungua."

"Watakupeleka wapi?"

"Kwa sababu ya koki? Niliuliza. Hawanipeleki popote."

"Hawatakutoza?"

"Niliuliza hilo pia. Unanijua."

Fundi akakunja pindo la gauni lake, akalikunjua. "Mama yangu alinilea nisimseme mtu mzima mbele ya mgeni. Wewe ni mama yangu hapa. Nitakusemaje?"

"Alikulea vizuri, Mungu ambariki. Sasa niseme kwa adabu hiyohiyo."

Bibi hakumharakisha. Alimwongoza mkaguzi ngazini mpaka jikoni kwake, akamwonyesha sinki, akaweka kitambaa pale kilipokuwa, akaifungua koki. Mkaguzi alitazama maji yakijaa, yakafika ukingoni, naye akaifunga kabla hayajamwagika. Akapiga magoti, akapapasa sakafu mpaka kwenye ufa wa pembeni, akapima kwa hatua jinsi ulivyoelekeana na doa la dari kule chini. "Ndipo penyewe," alisema, akamsaidia Bibi kushuka, yeye akitangulia ngazi moja mbele yake ili akiteleza amdake.

Fundi alikuwa bado ameketi palepale.

"Mama," mkaguzi alimuuliza, "nani aliiacha koki wazi?"

Fundi akavitazama vidole vya miguu yake. "Ni mama wa juu," akasema, sauti haifiki hata mlangoni.

"Samahani, sikusikia vizuri."

Fundi akamtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa kumwitikia, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kumeza dawa.

"Ni yeye!" fundi akapaza sauti, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimtoka na kicheko pamoja. "Lakini hakukusudia! Andika na hilo, kaka. Uandike kabisa kwamba hakukusudia."

"Hilo ndilo nitakaloandika kwanza," mkaguzi alisema. "Ndilo linalofanya mota yako ilipiwe, na vitambaa vya watu. Fundi wetu atakuja kesho na mota nyingine."

Bibi akakaa chini taratibu, akashusha pumzi. Dereva alikuwa amejibanza karibu na mlango, mikono mifukoni.

"Na mimi, ndugu yangu?" akauliza. "Mimi niliyeliona lile bomba?"

Mkaguzi alikuwa anavaa viatu vyake. "Wewe, kaka," akasema bila kuinua kichwa, "nitaandika kwamba nilikukuta umesimama tu."