Gari Lililokataa Kuwaka Navakholo

Kati ya Pasaka na mwezi wa nane mwaka wa 1979, mume wangu Masinde alilala Navakholo mara sita, na mara zote sita mwenye makosa alikuwa gari. Lilikataa kuwaka, alisema. Alirudi asubuhi, akaegesha Peugeot yake mbele ya nyumba, akaipigapiga boneti kama mtu anayemsamehe mtoto mtukutu. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha uji, nikilitazama shati lake. Halikuwa shati la mtu aliyelala garini, wala la mtu aliyelala kwa nyapara wetu Were, kama alivyodai. Were ana chumba kimoja, watoto watano na mbuzi.

Miaka ile miwa ilikuwa imetulewesha sote. Hapa Musanda watu walipanda miwa mpaka kwenye mlango wa jikoni, na mtu ambaye mwaka juzi alikuwa akiazima baiskeli sasa alizungumza habari za lori. Masinde naye hakubaki nyuma. Alikodi shamba la pili kule Navakholo, kisha akanunua hiyo Peugeot 404 nyeupe kutoka kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama Kakamega. Aliipenda vibaya sana. Kuku wangu walipigwa mawe kwa sababu ya kupanda juu yake.

Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu. Mtoto akiniletea jibu bila kunionyesha njia, simpi alama hata kama jibu ni sahihi. Na jibu la Masinde halikuwa na njia. Nyumbani gari halikuwahi kukataa hata siku moja. Asubuhi alizungusha ufunguo mara moja tu likanguruma. Nikaanza kuandamana naye safarini kwa makusudi. Tulikwenda kwa wazazi wangu Chekalini, likawaka. Tulikwenda kwa binamu yake Kakamega mjini, likawaka. Tulikwenda hadi Navakholo kwenyewe, siku Were alipotukaribisha kwake baada ya ibada, na jioni likawaka kama kawaida. Nilimuuliza Masinde ni gari gani hili linalomwogopa mwalimu.

"Linakuheshimu, Mama Muhonja," alinijibu, akacheka sana.

Mimi sikucheka. Nilimuuliza kwa nini halisukumwi. Akasema shamba liko bondeni, na lilipokataa wakataji miwa walikuwa wameshaenda zao. Nilimuuliza kwa nini halipeleki kwa fundi. Akasema Lusweti, fundi wetu, amelichunguza mara kadhaa asione kitu, maana ugonjwa unaokuja na kwenda hauonekani. Kila swali lilikuwa na jibu lake tayari, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu asiye na hatia husahausahau kidogo.

Halafu mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye kwao ni Navakholo, alisema katika chumba cha walimu kwamba ameiona Peugeot yetu asubuhi na mapema karibu na duka la Khalayi. Khalayi ni mjane, na duka lake linatazamana na shamba letu, kwa hiyo hilo peke yake halikuthibitisha chochote. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini usiku ule sikupata usingizi, na gari lilipokataa mara ya sita, nilimtajia Masinde jina hilo mbele ya mama yake.

Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba gari huwa linakataa kuwaka. Akaenda moja kwa moja kwa kaka yake Cornelius, mzee wa kanisa, na Cornelius akampelekea ujumbe baba yangu Chekalini: Jumamosi wazee wa pande zote mbili wakutane kwetu. Kama nina ushahidi, baba yangu atanichukua mimi na mtoto hadi hapo mambo yatakapotengenezwa. Kama sina, nitamwomba mume wangu msamaha mbele ya wote, na jina la Khalayi nisilitaje tena maisha yangu yote.

Nilijua kabisa nilichokuwa nikikiweka mezani. Niliipenda nyumba yangu. Nilimpenda Masinde pia, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Kuna saa nilitamani gari liwe bovu kwelikweli, niwe mke mwenye wivu wa bure, niombe msamaha yaishe.

Jumatano Masinde aliondoka kwa basi na wakulima wenzake kwenda Nairobi kuzungumzia bei ya miwa. Ufunguo wa pili ulikuwa kwenye msumari chumbani. Nikamwita Lusweti.

Alikuja na mkoba wake wa spana, akiwa na wasiwasi tangu langoni. Aliniuliza kama mwenye gari anajua. Nikamwambia mwenye gari ni mume wangu na mimi ni mke wake, na tena mtoto wake yeye fundi yuko darasani kwangu. Akafungua boneti. Alikaza waya za betri, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, akachomoa plagi moja moja akazitazama. Kila mara alipozungusha ufunguo, injini iliwaka. Lakini niliona jambo: hakuwa akitafuta. Mikono yake ilikuwa kazini ila macho yalikuwa yakinikwepa, kama mtoto anayejifanya anasoma. Nikaanza kumshuku naye pia.

"Fundi," nilimwambia, "hili gari linakataa Navakholo. Twende Navakholo."

Akafunga boneti. Nikapanda, akaendesha. Jua lilikuwa kali, na njiani tulikwama nyuma ya trekta zilizobeba miwa, kwa hiyo injini ilipata joto la kutosha. Tulipofika shambani nilimwambia azime gari. Tukashuka, tukatembea mpaka kwenye mtaro na kurudi, dakika kumi hivi. Akaingia, akazungusha ufunguo.

Tak. Kimya. Akazungusha tena. Tak.

Sijui nikuelezeje furaha iliyonipata. Nilishika mlango wa lile gari nikalia. Masinde alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimemwita mwongo mbele ya mama yake mzazi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, lakini ilikuwa aibu tamu. Pale pale nilianza kupanga maneno ya Jumamosi, namna nitakavyopiga magoti, namna nitakavyompikia.

Lusweti alilala chini ya gari, akaniita niiname nione. Alinionyesha stata, ile mota inayozungusha injini ianze kazi, na bomba la moshi likipita ubavuni mwake, karibu kuigusa. Katikati yake panatakiwa kibati cha kukinga joto. Aliyewahi kubadilisha bomba hilo hakukirudisha. Kwa hiyo gari likitoka safari ndefu likazimwa, stata inapigwa na joto lote la bomba na kugoma.

"Ikiwa baridi, inawakanga tu," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini halikunigomea mimi. Kwetu hakuna mtu anayemtembelea mwenziwe kwa dakika kumi. Ukifika, kuku anakimbizwa, anachinjwa, ananyonyolewa, anapikwa, obusuma, ugali wetu, unasongwa, na kuondoka kabla ya kula ingokho, kuku huyo, ni kumtukana mwenye nyumba. Kila safari niliyokwenda na Masinde, Chekalini, Kakamega, hata kwa Were, gari lilikuwa na saa mbili tatu za kupoa. Nilikuwa nimelipima kwa kipimo ambacho kisingeweza kulikamata, mimi mwalimu wa hesabu. Nilijicheka.

Mke wa Were alituletea chai na viazi vitamu, tukakaa kivulini. Nilikuwa na furaha hata nikalitazama duka la Khalayi ng'ambo ya barabara bila kinyongo. Mwanamke mmoja alikuwa akifagia mbele yake. Nilimpungia mkono, naye akaingia ndani upesi.

Baada ya chai, kama dakika arubaini na tano tangu tulipozima, Lusweti alisimama, akaenda kwenye gari kama mtu anayekwenda kuchukua kofia yake. Akazungusha ufunguo. Likawaka.

Nilibaki na kikombe mkononi. Dakika arubaini na tano. Masinde alikuwa akifika Navakholo saa tisa alasiri. Saa kumi na moja, hata kwa kuchelewa, gari lingekuwa tayari, na jua bado liko juu.

Nilimwendea Lusweti dirishani. Nilimuuliza kama leo ndiyo mara yake ya kwanza kuujua ugonjwa huu. Alishika usukani, akatazama mbele. Nikamwambia mimi sitamtaja kwa ubaya popote, lakini ninataka ukweli.

"Nilijua tangu mwezi wa nne," alisema. "Nilimwambia mwenyewe asihangaike. Akae kama saa moja, ipoe, itawaka."

"Na kwa nini hukuweka hicho kibati?"

"Nilikuja nacho, Mwalimu. Nilikikata kwa debe la mafuta ya kupikia, ni kazi ya nusu saa. Akaniambia niwachane nayo kwanza."

Tulirudi Musanda. Furaha yangu ya asubuhi ilikuwa imegeuka kitu kingine, kizito, ambacho hakikuwa hata hasira. Sikulia tena. Tulipofika nilimshukuru Lusweti, nikamwomba asiguse kitu chochote kwenye lile gari. Ufunguo nikaurudisha kwenye msumari.

Jumamosi wazee walikuja. Masinde alikuwa amerudi jana yake, amenyoa, amevaa koti. Cornelius alifungua kwa sala, kisha akaniuliza nina ushahidi gani kwamba mume wangu amelisingizia gari. Kabla sijafungua mdomo, Masinde alisimama. Alisema hataki maneno mengi, wazee walione gari wenyewe. Aliwapakia baba yangu na Cornelius, akawapeleka Mumias na kuwarudisha, akazima gari uani mbele ya kila mtu. Akawaomba wasubiri dakika kumi. Kisha akampa Cornelius ufunguo.

Tak. Cornelius alijaribu mara tatu. Tak, tak, tak. Mama mkwe alipiga makofi, na Masinde akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Nilimwona alivyokuwa mzuri akitabasamu, na moyo uliniuma.

"Jescah," Cornelius alisema, "umeona kwa macho yako. Omba msamaha."

Nikamjibu kwamba nitaomba, tena kwa magoti. Ila baba yangu ametoka mbali na hajatia kitu mdomoni, kwa hiyo ninaomba tukae, wanywe chai, na baada ya saa moja baba ajaribu ule ufunguo mara moja tu, halafu niombe. Cornelius aliona ni ombi la ajabu lakini si baya. Wazee wakaketi barazani, nikawamiminia chai. Walianza kuzungumza habari za miwa na za mvua. Nilimpokea Cornelius ufunguo, nikauweka juu ya meza, karibu na kikombe cha baba.

Dakika ishirini zikapita, zikawa thelathini. Masinde hakunywa chai yake. Alilitazama gari, akaitazama saa, akanitazama mimi. Nikamtazama vilevile, wala sikushusha macho. Nikaona amejua kwamba ninajua.

Akasimama ghafla, akasema amekumbuka kuna mtu wa kampuni ya sukari anayemngoja Mumias, jambo la haraka, atarudi sasa hivi. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye meza ukauchukua ufunguo. Alipiga hatua tatu kuelekea kwenye gari, kisha akasita pale pale uani, akiwa ametupa mgongo.

Baba yangu aliweka kikombe chini.

"Unaenda na nini, mkwe?" aliuliza.

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayetaka kujua. Masinde aliutazama ufunguo mkononi mwake, ule wa gari ambalo sote tulikuwa tumelisikia likikataa kuwaka.