Uchovu wa Sadoki

Siku Sadoki alipoanza mazoezi ya marathoni, mkewe Enesi alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa akipepea, na chai haijachemka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumbani kwao Chapwa. Sadoki alitoka na viatu vipya vya rangi ya chungwa, akakimbia hadi barabara kuu, akaligusa tairi la lori la mwisho kwenye foleni ya mpakani, akarudi. Jumla ilikuwa kilometa tatu. Kwa mtu wa miaka arobaini na minne, anayeshinda ofisini akigonga mihuri kwenye karatasi za mizigo ya Zambia huku kitambi kimeegemea meza, alirudi vizuri mno. Hakuwa akihema. Hakuwa na jasho hata kwapani. Alikaa, akaanza chapati ya kwanza, akasema kumbe alizaliwa mkimbiaji, ila wazazi wake walichelewa kumgundua.

Nje ya mlango wa jikoni, ndani ya beseni la Enesi, palikuwa na kifurushi. Kilitoshana na kilo moja ya sukari, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, na kilinuka jasho la Sadoki. Enesi alilitambua mara moja, maana alikuwa amefua mashati ya mtu huyo kwa miaka kumi na tisa. Alikitoa, akaona hana pa kukiweka, akakiweka chini ili apite na beseni. Hapo hapo Sadoki akaanguka kutoka kwenye kiti, chapati mkononi, akahema kama ng'ombe aliyekimbizwa. Enesi akakiokota tena kile kifurushi, na kwa kuwa mikono ilikuwa na beseni, akakiweka kichwani. Sadoki akainuka, akajikung'uta, akaomba chai.

Hivyo ndivyo walivyojifunza utaratibu. Uchovu wa Sadoki ulimshukia Enesi, naye alipaswa kuubeba kichwani mpaka jua lizame. Jua likizama, uliyeyuka. Ukituliwa chini kabla ya hapo, ulirudi kwa mwenyewe. Majirani waliuona, wakauliza ni wa kilometa ngapi, wakaendelea na shughuli zao. Ketrina, mama yake Sadoki, aliyekuwa ametoka Ileje kuja kutibiwa macho, alimtazama mkwewe akikatiza uani na kifurushi, akauliza tu kama kamba haimkwaruzi.

"Uchovu haukai hewani, mwanangu," alisema. "Lazima ukae kwa mtu. Baba yake huyu alikuwa akinywa kilabuni, kichwa kinaniuma mimi. Miaka thelathini. Yeye anaamka anaimba."

"Ulifanyaje, mama?"

"Nilifunga kitambaa."

Sadoki aliongeza mwendo. Kilometa kumi zilileta mzigo wa debe la mahindi. Kilometa ishirini na moja zilileta uzito wa mfuko wa saruji. Kila jioni alikaa barazani na simu, akiwaandikia wenzake wa kikundi cha wakimbiaji kwamba mwili wa binadamu ni akili tu. Aliacha kula ugali wa usiku kwa siku nne, akalisema jambo hilo kanisani. Alianza kuwaita watu wanene "wavivu", huku kitambi chake kikimtangulia mlangoni kama kawaida.

Enesi alikuwa fundi cherehani. Meza yake ilikuwa hapo hapo barazani, na mwezi huo alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: sare thelathini za kwaya, za kukatwa, kushonwa na kutiwa vifungo kwa mkono. Alishona akiwa na saruji kichwani. Wiki ya tatu vidole vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi. Alidhani ni baridi ya mwezi wa sita, akaviotesha kwenye moto. Alipoona ngozi ya kidole cha shahada imebabuka na yeye hana habari, alikwenda zahanati.

Tabibu, kijana mpole aitwaye Nsajigwa, alimminya shingo, akamgonga kiwiko, akaandika.

"Shingo imebanwa, mama. Unabeba nini?"

"Uchovu wa mume wangu."

"Kilo ngapi?"

"Juzi ilifika hamsini."

Tabibu aliandika hamsini. "Usibebe tena," alisema. "Ukiendelea, huu mkono utalala. Na ukilala hautaamka. Na wewe kazi yako ni sindano, si ndiyo?"

Enesi aliubeba ujumbe huo hadi nyumbani pamoja na mfuko wa saruji. Sadoki alikuwa amekaa kwenye kochi akinyoosha miguu juu ya stuli, kwa sababu alikuwa amesoma mahali kwamba wakimbiaji hunyoosha miguu.

"Baba Fides, tabibu amesema nisibebe."

"Ni siku moja tu imebaki, Mama Fides."

"Ndiyo siku yenyewe hiyo. Kilometa arobaini na mbili. Amesema mkono hautaamka. Hizi sare nitashonea nini, meno?"

"Wewe mtu wa Iyula bwana! Umebeba kahawa tangu mtoto. Leo uchovu wa mtu mmoja unakushinda?"

"Basi beba hata robo."

Sadoki alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni njia ambayo ameshaelezwa mara tatu. "Sasa nikibeba halafu nikimbie, nitakimbiaje? Fikiria kidogo." Kisha akaongeza kwamba hata yeye hajifanyii mwenyewe, anaifanyia familia. Familia ilikuwa ni Fides, aliyekuwa chuo Mbeya na hajui kama kuna mbio, na Enesi.

Hapo ndipo Enesi alipoanza kumdharau. Hakupiga kelele wala hakukasirika. Alimdharau kwa utulivu, hatua kwa hatua, jinsi anavyopima kitambaa kabla ya kukikata, na alipomaliza kupima aliona hakuna kilichobaki. Alirudi kwenye cherehani.

Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na mstari wa jina la mkimbiaji, umri wake, saizi ya fulana, na chini kabisa jina la mbebaji. Wanaume waliooa waliandika wake zao, na makapera waliandika mama zao. Palikuwa na kisanduku cha saini ya mbebaji, ila palielezwa kwamba si lazima. Sadoki hakumsumbua mkewe kwa jambo dogo hivyo.

Mbio zilifanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, zikianzia nje kidogo ya Vwawa na kuishia kwenye uwanja wa mpira kando ya barabara kuu, Tunduma. Wageni rasmi walikuwa na turubai, viti na maji ya chupa. Wabebaji walichorewa mstari wa chokaa juani, wakaombwa wasiuvuke. Walikuwa wanawake mia tatu sabini na watatu. Mke wa meneja mmoja alikuwa na sanduku zuri lenye magurudumu, lakini magurudumu hayakumsaidia kitu kwa kuwa lilikuwa kichwani. Mke wa mwalimu mmoja alibeba mzigo wa kuni. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, wakaishika mizigo kwa mikono miwili ilipoanza kukua.

Kufikia kilometa ya kumi Enesi alikuwa na debe, na ya ishirini ikamletea saruji. Ya thelathini ilipofika, kichwani palikuwa na gunia. Baada ya hapo gunia halikubadilika kuwa kitu kingine. Liliendelea tu kujaa kwa juu, likavimba, likashonewa neti, likawa lumbesa kamili, kama yale ambayo walanguzi wa Mlowo huwajazisha wakulima na kuyaita gunia moja. Ketrina alikuwa amesimama pembeni, macho yake yamefungwa bandeji.

"Limefika wapi?" aliuliza.

"Limepita masikio, mama."

"Jikaze."

Wa kwanza kuingia uwanjani miongoni mwa wanawake waliokimbia alikuwa muuguzi aitwaye Atupele. Alikuwa amekimbia na uchovu wake mwenyewe. Alikuwa ameloa, midomo imepauka. Mumewe alisimama chini ya mwavuli na chupa ya soda, kichwani hana kitu zaidi ya kofia, na mkononi alimshikia mkewe simu. Alipovuka utepe, Atupele alitapika, akajilaza chali kwenye nyasi. Watu walimwonea huruma. "Masikini, hana mtu," alisema mzee mmoja. Enesi hakuona la kumhurumia. Alimwonea wivu kwa jinsi alivyolala.

Sadoki alionekana barabarani baada ya saa nyingine moja na nusu, akipita kando ya foleni ya malori, akiwapungia madereva mkono. Alikuwa mkavu. Kibao cha kilometa ya arobaini na moja kilikuwa nyuma yake kidogo. Wakati huo huo Enesi alihisi kitu kinakatika polepole kutoka shingoni hadi kwenye kiganja, na kidole gumba kikaacha kuwa chake.

"Nitueni," alisema.

"Bado kilometa moja, mama," alisema mwanamke aliyesimamia mstari wa chokaa, aliyekuwa amepewa kipaza sauti kidogo cha kuwapanga wabebaji.

"Nitueni! Mkono unakwenda!"

Hakuna aliyemtua. Basi Enesi alipiga magoti mwenyewe, akainamisha kichwa, na lumbesa ikaanguka kwa kishindo kilichotimua vumbi mpaka kwenye turubai la wageni rasmi. Barabarani, mbele ya madereva wote, Sadoki alianguka kwa mikono na magoti, kisha akalala kabisa, shavu juu ya lami. Alitoa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitatu kwa Sadoki kukutana na marathoni.

Enesi alikuwa bado amepiga magoti. Mkono ulimchomachoma kwa sindano nyingi, na alifurahi, kwa sababu mkono unaochoma ni mkono mzima. Alitaka kubaki hapo dakika tano tu.

Wanaume wanne walikuja mbio. Hawakukimbilia kwa Sadoki; walikuja kwake. Alikuwapo mchungaji, mwenyekiti wa kamati ya mbio, shemeji yake Gwamaka, na dereva mmoja wa Zambia aliyeruka kutoka kwenye lori alipoona mama ameanguka na mzigo. Nyuso zao zilikuwa na wema mtupu.

"Pole sana, shemeji," alisema Gwamaka.

"Pole, bamayo, pole mama. Mukwai, tafadhali, shikeni huko, mimi nashika huku," alisema dereva.

"Niacheni," alisema Enesi. "Mpelekeeni mwenyewe. Yule pale."

"Usijali, mama, tupo," alisema mchungaji.

Walishika pembe nne. Mara ya kwanza gunia liliwashinda, wakacheka, wakatemea viganja mate. Mwenyekiti alihesabu moja, mbili, tatu, wakalinyanyua mpaka vifuani, kisha mpaka mabegani. Hapo, likiwa mikononi mwa wanaume wanne wenye afya, hakuna aliyeuliza linakwenda wapi. Walimtwika Enesi. Walimtwika kwa uangalifu, wakaliweka sawa ili lisipinde, na mchungaji akamrekebishia kata ya kitambaa kichwani. Kisha wakakung'uta mikono.

"Lazima tusaidiane," alisema mwenyekiti, na uwanja ukawapigia makofi.

Sadoki aliinuka kama mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Alimaliza wa mia tatu na kumi na mbili. Alivishwa medali na mgeni rasmi, na mtu wa redio alipomwuliza siri yake, alisema ni nidhamu. "Ukifika ile kilometa ya arobaini na moja, mwili unakataa," alieleza. "Mimi ulinikatalia kweli, watu wameona. Pale hakuna wa kukusaidia. Unaamua mwenyewe." Alimshukuru Mungu, kamati, na waliotengeneza viatu.

Nyumbani walichinja mbuzi. Lumbesa haikupita mlangoni, kwa hiyo Enesi alikaa uani mpaka jua likazama, na Ketrina akamletea mchuzi, akamlisha kwa kupapasa. Mzigo ulipoyeyuka, shingo ilinyooka, miguu ikapona baada ya siku mbili. Mkono haukuamka: ulisogea, lakini haukuhisi kitu. Kwaya ilisubiri wiki moja kwa upendo wa Kristo, kisha ikahamisha vitambaa kwa fundi wa Mlowo.

Jumapili iliyofuata Sadoki alikuja barazani na medali yake. Utepe ulikuwa mrefu. Ukining'inia, medali iligonga kitambi na kugeuka upande wa nyuma. Alitaka ufupishwe ikae kifuani. Kwa mkono mwingine alishika fomu ya mwakani, ambayo ilikuwa na maboresho. Mbio zitakuwa za kilometa themanini, wabebaji watapewa fulana, na kile kisanduku cha saini kimeondolewa ili kupunguza usumbufu.

"Nimeshakuandika," alisema. "Halafu Mama Fides, ushone vizuri, naivaa leo kanisani."

Enesi aliutunga uzi kwa mkono wa kushoto, akakunja utepe juu ya goti, akaipeleka sindano kwa mkono wa kulia kama alivyofanya maisha yake yote. Sadoki alikuwa amesimama juu yake, akinyoosha miguu.

"Angalia," alisema, "unauchafua."

Enesi aliangalia. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole gumba cha kulia na kutokea upande wa pili, na damu ilikuwa ikidondoka kwenye utepe wa buluu. Alisubiri iume. Aliinama, akaichomoa kwa meno, akaendelea kushona.