Nafasi ya Mpiga Kengele

Kabla hajaanza kusoma, Tiyo Pulo alikuwa na desturi ya kuibusu karatasi ya kwanza, na watu waliojaa ghorofani kwenye maktaba kuukuu ya Jaro walilingoja busu hilo kama wengine wanavyongoja pazia lifunguliwe. Pazia halikuwepo. Palikuwa na viti tu mbele, waigizaji wenye karatasi mikononi, na nyuma kabisa, karibu na mlango, Merlinda, mwandishi wa mchezo wenyewe, ameubana mkoba magotini kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari wa meno.

Kundi lao halikupeleka mchezo jukwaani kabla ya kuusoma mbele ya watu. Wasikilizaji waliingia bure, wakatafuna biskocho, vile vipande vya mkate mkavu wa siagi, wakasikiliza, kisha wakasema kilichowagusa na kilichowachosha. Mwandishi alirudi kwake akaandika upya, akaja kusomewa tena.

Merlinda alikuwa mwalimu wa hesabu, na huo ulikuwa mchezo wake wa kwanza. Ulimhusu mzee mpiga kengele wa kanisa ambaye mwanawe, baharia, amerudi baada ya miaka mingi na hataki kusema neno. Nafasi ya mpiga kengele alipewa Crispulo Gallego, ambaye mji mzima ulimwita Tiyo Pulo, yaani Mjomba Pulo, maana sauti yake ilikuwa ikitoka redioni tangu Merlinda anavaa sare ya shule. Siku hizi hakupanda jukwaani tena. Magoti, alisema. Lakini kusoma akiwa ameketi aliweza, na alipenda.

Siku ya usomaji wa kwanza, mpiga kengele alikuwa na hotuba ndefu kwa mwanawe. Tiyo Pulo aliianza vizuri. Watu wakaanza kukohoa. Katikati ya sentensi akanyamaza. Akainua macho, akamtazama kijana aliyesoma nafasi ya baharia, akamtazama tu, mpaka kikohozi kikakoma. Kisha akauliza polepole, "Umekula?"

Mama mmoja safu ya mbele akaangua kilio.

"Tiyo, umenikatia hotuba yangu yote," Merlinda alimwambia baadaye kwenye ngazi.

"Nimekata? Mimi nilidhani nimekuokoa." Mzee alicheka. "Inday, baba wa kweli hahutubii. Mtoto umemlilia miaka, leo kaja, unamsimamishia mkutano wa hadhara? Mpe wali."

Alimwita Inday kama wazee wa kwao wanavyowaita wasichana, ingawa Merlinda alikuwa ameshaanza kuota mvi. Alifuta hotuba. Na kila waliposoma tena, Tiyo Pulo aliusukuma mchezo kidogo: hapa akavuta pumzi mahali pasipotarajiwa, pale akauliza, "Huyu mzee anamwogopa nani?" Merlinda akawa haandiki tena mpaka aisikie sauti ile kichwani.

Baada ya usomaji wa mwisho Ramil, mwongozaji, alisimama uso umemchanua. Mchezo umechaguliwa, alisema. Februari utaigizwa kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, kwa taa na ngoma.

"Na mpiga kengele ni nani, kama si huyu!"

Makofi yakapigwa. Tiyo Pulo akainama, akatabasamu. Merlinda aliona karatasi zikitetemeka mikononi mwake, akadhani ni furaha.

Jumatatu mchana, Auring, dada mkubwa wa Tiyo Pulo, alimfuata Merlinda shuleni na mwavuli na mfuko wa mikate.

"Si magoti, Inday," alisema hata kabla ya kuketi.

"Unasema nini, Manang?" Merlinda akauliza, akimwita dada kwa heshima.

"Magoti yake yanapanda zile ngazi za maktaba kunishinda mimi. Ni kichwa. Maneno hayakai. Ukurasa mmoja nimemsomea asubuhi na jioni. Akifika chini, juu kumeshafutika. Jana alijifungia bafuni, akafungua bomba ili nisimsikie akilia."

"Mbona hakutuambia?"

"Angeanzaje? Karatasi ikiwa mkononi, bado ni Pulo. Ikimtoka..." Akamsukumia ule mfuko. "Kula, mikate inapoa."

Merlinda alikwenda kwa Ramil. Akaomba Tiyo Pulo aruhusiwe kushika karatasi hata jukwaani. Kama Ramil hataki, basi mchezo usiigizwe, uendelee kusomwa tu.

"Yule hata akinisomea bei za samaki, mimi nalia," Ramil alisema. "Lakini watu watakuja kumwona mpiga kengele mnarani, si mtu anayesoma habari za mpiga kengele. Karatasi huko juu ni ya nini?"

Merlinda akauokota mkoba wake.

"Basi mwambie wewe," Ramil akasema. "Mimi sina moyo huo."

Alimkuta Tiyo Pulo uani, amevaa fulana, anamwagilia maua. Njia nzima Merlinda alikuwa amepanga maneno, lakini mzee alimtazama usoni mara moja tu.

"Auring ameshafika kwako."

"Ndiyo, Tiyo."

"Mdomo wake huo. Redio yetu haikufika mbali kama yeye."

Merlinda akajaribu kucheka, ikashindikana. Akasema kwa haraka kwamba atauondoa mchezo. Februari ipite. Watausoma pale maktaba kila atakapotaka, yeye Tiyo na wenzake, karatasi mkononi, hata miaka.

Tiyo Pulo akaiweka chini ndoo. Tangu amjue, Merlinda hakuwahi kumwona amekasirika.

"Usirudie maneno hayo mbele yangu. Umeulea mchezo huu ili utembee. Leo unataka uendelee kubebwa mgongoni ili mimi nisikose wa kubeba?"

"Nimeuandika kwa sauti yako."

"Basi sauti imo humo. Haijaenda popote. Tafuta mwingine aivae." Kisha hasira ikamwishia kama maji ya ndoo, akauliza chini chini, "Nani?"

"Ramil anamtaka Nonito."

"Nonito! Yule anayerusha mate? Waambie safu ya kwanza waje na miavuli."

Wakacheka wote wawili, kwa nguvu, mpaka Auring akachungulia dirishani. Merlinda alipomaliza kucheka akaona kwamba mwenzake alikuwa amekwisha acha zamani, na alikuwa ameshikilia mlingoti wa kamba ya nguo.

Februari ukumbi ulijaa. Tiyo Pulo alikaa na dada yake, amevaa barong, shati la sherehe, jeupe, lililopigwa pasi likanyooka. Nonito aliigiza vizuri, vizuri kuliko walivyotegemea. Merlinda hakumtazama. Alimtazama Tiyo Pulo. Mzee alifuata kila neno kwa midomo, bila sauti. Halafu mkono wake wa kulia ukainuka kutoka gotini, ukafunua ukurasa ambao haukuwepo, taratibu, asije akawasumbua wengine. Baada ya muda ukafunua tena. Auring akaushika ule mkono ili autulize. Mzee akauchomoa. Alikuwa anauhitaji.

Mwishoni watu walisimama. Ramil akamwita mwandishi jukwaani, na Merlinda akasema nafasi ile ilijengwa na mtu mmoja, yuko humu ndani, Crispulo Gallego. Ukumbi wote ukageuka kumtafuta. Tiyo Pulo naye akageuka, akapiga makofi, akiangalia nyuma amwone huyo anayeitwa.

Mvua zilipoanza, Merlinda alimpelekea kurasa za kwanza za mchezo mwingine. Tiyo Pulo alifurahi, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ile ile iliyoujaza utoto wa Merlinda. Alipofika mwisho hakuufunua. Akarudi juu akausoma upya, kama hajawahi kuuona, na safari hii alimfanya mwanamke wa kwenye mchezo awe na hofu zaidi. Merlinda akasikia kwamba sentensi moja ni ya uongo. Akatoa kalamu. Halafu akaona haya kufaidika na usahaulifu huo, akairudisha mkobani.

Mzee aliinua macho, akatazama viti vya sebuleni kimoja kimoja.

"Wengine wako wapi?"

"Mvua imewachelewesha, Tiyo."

"Tuwasubiri," akasema, akalaza karatasi mapajani, akazinyoosha kingo kwa kiganja. "Si vizuri kuanza bila wenzetu."

Merlinda akavuta kiti chake karibu. Auring akaja na kahawa, akaelewa, akaketi nao. Wakasubiri.